Sura ya Mvua

Saa mbili asubuhi, kabla jua la Usenge halijaanza kuchoma, omena, yaani dagaa wa Ziwa Viktoria, ilikuwa tayari imeanikwa. Kina mama walikuwa wameipokea kutoka mashuani, wakaibeba kwa makarai na kuitandaza juu ya nyavu kuukuu pale ufuoni, safu kwa safu. Kisha walinawa mikono, wakaketi kwenye kivuli cha kibanda cha mabati, na mmoja wao akasema maneno yale yale ya kila siku: "Haya, mwalimu, tuanze."

Mwalimu mwenyewe alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliitwa Winny, mwanafunzi wa Gredi ya Sita kutoka mtaa wa Migosi, Kisumu, na alikuwa amekuja kukaa na shangazi yake likizo ya Agosti. Shangazi Naswa hakuchoka kumsifu. "Huyu mtoto wa kaka yangu anasoma kama redio," aliwaambia wenzake. Na kweli, Winny alikuwa na sauti nzuri, tena alijua kuigiza. Mtu akilia kitabuni, naye sauti inamtetemeka. Mtu akikasirika, naye anakunja uso. Ila alikuwa na kasoro moja. Kazi ikianza kuwa ndefu, alichoka haraka na kutafuta njia ya mkato.

Kitabu alichowasomea kilikuwa riwaya iitwayo Kikapu cha Akoth. Ilikuwa hadithi ya mwanamke muuza omena wa ufuo kama huu huu, na watu wa filamu walikuwa wameigeuza kuwa sinema. Mwalimu Parvin, aliyesimamia maktaba ndogo mjini Bondo, alikuwa amepanga kuionyesha filamu hiyo Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Kina mama wa Usenge walialikwa, lakini kwa sharti.

"Kabla ya kuja kutazama, someni kwanza," Mwalimu Parvin aliwaambia siku alipowaletea kitabu. "Halafu nitaomba mmoja wenu asimame mbele ya watu atueleze kitabu kina nini."

Kina mama walitazamana. Wengi wao walikuwa wameacha shule mapema. Mkongwe wao, ambaye watu wote walimwita Dani, yaani Nyanya kwa Kijaluo, alicheka huku ameshika mbavu. "Mimi nisome? Hata jina langu nikikutana nalo njiani sitalisalimu!"

"Tutasomewa," Naswa akasema. "Na atakayesimama ni mimi."

Alilisema hilo kwa kujiamini, lakini halikuwa jambo dogo kwake. Naswa aliacha shule akiwa darasa la tatu ili kaka yake, babake Winny, apate kuendelea. Tangu siku hiyo hakuwahi kusimama mbele ya watu kuzungumzia kitabu chochote. Jioni, kazi zikiisha, Winny alimwona akikishika kitabu kile na kupitisha kidole juu ya mistari polepole, kisha akikifuta vumbi kwa leso na kukirudisha kabatini. Alikuwa ameshaitoa gauni yake ya buluu sandukuni, kaining'iniza ukutani kuisubiri Jumamosi.

Wiki ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Tena kina mama wale walikuwa na utaratibu wao ambao huwezi kuupata shule yoyote. Hawakuangalia saa. Winny alipomaliza sura moja, upande wa juu wa omena ulikuwa umekauka. Waliinuka wote, wakaigeuza kwa mikono, wakarudi kuketi. Sura ya pili ilipoisha, upande wa pili ulikuwa umekauka pia. Sura moja, upande mmoja. Dani alipenda kusema kwamba kitabu hiki kinafanya kazi kuliko vijana wengi anaowajua.

Basi wakafika sura ya kumi na moja. Jumamosi jioni Winny aliichungulia ili aone wiki inayofuata itakuwaje. Akafunua ukurasa mmoja, mvua. Akafunua wa pili, mvua. Kurasa thelathini na nane, na hakuna harusi, hakuna ugomvi, hakuna mwizi aliyekimbizwa. Ni Akoth tu na omena yake na mvua.

"Jameni!" Winny akanung'unika. "Nani atasoma mvua kurasa thelathini na nane?"

Siku iliyofuata, Jumapili baada ya chakula cha mchana, Oyugi alikuwa ameketi nyuma ya nyumba na simu yake. Oyugi alikuwa mwana wa Naswa, kijana wa sekondari, na rafiki yake alikuwa amemwekea filamu ile ile ya Akoth kwenye simu. Winny akasogea. Akatazama kidogo, akakaa chini, akatazama mpaka mwisho. Filamu ilikuwa tamu ajabu! Ilikuwa na nyimbo, ilikuwa na boti nyekundu, na Akoth alikuwa mrembo hata akiwa na karai kichwani.

"Umeona?" Oyugi akamwambia. "Saa moja na nusu, kitabu kwisha. Wewe endelea tu kukaukiwa na koo."

Jumatatu Winny alifungua kitabu kama kawaida. Macho yake yalitazama kurasa, vidole vikafunua moja baada ya nyingine, lakini mdomo ulikuwa unasimulia filamu. Akasimulia jinsi Akoth alivyopata omena nyingi. Akasimulia jinsi meneja wa hoteli kubwa alivyompigia simu akitaka samaki kila siku, na jinsi Akoth alivyofungua duka mjini. Sura ikaisha upesi. Kina mama walipiga makofi, wakainuka kugeuza omena.

Dani aliinama, akaishika, akasimama tena. "Mbona hii bado mbichi? Jua la leo limelala?"

"Labda ni upepo," mwingine akasema. Wakarudi kuketi, wakangoja. Naswa alilitazama jua, akautazama uvuli wa nguzo ya kibanda. Ulikuwa bado mrefu.

Jumanne ikawa vile vile. Sura imeisha, omena mbichi. Na sasa Dani alikuwa na lalamiko lingine. "Huyu anaitwa Akoth. Kwetu jina hilo ni la mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha. Na mpaka sasa hajanyeshewa hata siku moja?"

"Ana bahati yake," akasema Maryanne. Maryanne ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote katika kikundi, mwenye mtoto mchanga na mdomo usioisha mzaha. "Simu moja tu ya hoteli, maisha yamenyooka! Mimi omena yangu imenyeshewa mara mbili mwezi huu, na hakuna aliyenipigia hata kwa makosa."

Wote walicheka. Maryanne naye alicheka, lakini alipomaliza aliinamisha kichwa akimpapasa mtoto mgongoni. Winny alimwona, akafunua upesi ukurasa mwingine.

Jumatano kabla ya saa nne asubuhi, wakati Winny alikuwa amekwisha "kusoma" sura mbili nyingine, Mwalimu Parvin alifika kwa pikipiki. Alikuwa na furaha. Watu wengi walikuwa wameahidi kuja, wakiwemo wanafunzi wa chuo kikuu.

"Mama Naswa, nimekuja kukupa swali mapema ili ujiandae," alisema. "Ni swali moja tu. Ni nini kilichomo kitabuni ambacho filamu imekiacha? Mmefika wapi?"

"Tumebakiza kidogo sana," Naswa akajibu. "Usiwe na wasiwasi. Nitasimama."

Pikipiki iliondoka. Winny alibaki amesimama pale pale. Ni nini kilichomo kitabuni ambacho filamu imekiacha? Shangazi yake hangeweza kulijibu swali lile hata kidogo, kwa sababu kwa siku tatu alikuwa amelishwa filamu tupu.

"Winny," Naswa akamwita. Alikuwa amechuchumaa kando ya omena. "Njoo ushike hii."

Winny akaishika. Ilikuwa baridi na laini.

"Nimeianika saa mbili," Naswa akasema. "Umesoma sura mbili. Wiki iliyopita sura mbili zilikausha pande zote mbili. Jua ni lile lile. Omena ni ile ile. Niambie, ni nini kilichopungua?"

Winny alitaka kusema ni mawingu. Akainua macho. Mbingu yote ilikuwa nyeupe kwa jua, hakuna wingu hata la dawa.

"Ni sura, Shangazi," akasema, na machozi yakaanza kumtoka. "Sikusoma. Niliona ni ndefu, nikatazama filamu kwenye simu ya Oyugi. Hiyo ndiyo nimekuwa nikiwasimulia."

Naswa hakugomba. Ingekuwa afadhali agombe. Alizungumza kwa sauti ya chini, akiitazama omena.

"Umeniumiza, Winny. Umeniumiza sana. Jumamosi ningesimama mbele ya watu na gauni yangu ya buluu, niulizwe filamu imeacha nini, nami niwasimulie filamu hiyo hiyo waliyotoka kuitazama. Wangenicheka. Na nisingejua hata wanachekea nini."

"Nisamehe, Shangazi. Utamwambia Mwalimu Parvin?"

"Mimi simwambii mtu. Utasema wewe mwenyewe. Na utaanza na wale pale."

Hatua zile za kutoka kwenye omena hadi kibandani hazikufika ishirini, lakini kwa Winny zilikuwa ndefu kuliko barabara ya Kisumu. Aliwaambia kina mama wote ukweli, bila kumtaja Oyugi kama sababu.

"Yaani ulitudanganya huku unatutazama machoni!" Dani akafoka.

"Hakututazama, Dani," Maryanne akasema. "Alikuwa anatazama kitabu."

Hakuna aliyecheka. Dani aligeuza kigoda chake akampa Winny mgongo. "Siku tatu nzima nimefurahia ushindi wa mtu wa bandia. Haki ya nani!"

Winny alitamani kukimbia mpaka Migosi. Badala yake aliketi, akafungua sura ya kumi na moja, akapangusa pua kwa mkono, akaanza. Safari hii kidole chake kilifuata kila mstari. Hakuruka hata neno.

Mvua ya kwanza ilimkuta Akoth akiwa sokoni, na aliporudi omena ilikuwa inaelea. Ya pili ilimkuta akiwa na homa, hawezi kuinuka kitandani kuianua. Kitabu kilieleza harufu ya omena iliyooza, majirani walivyopita wakijifanya hawaoni, na jinsi Akoth alivyoficha karai tupu chini ya kitanda ili watoto wasiulize. Mvua ya tatu ilipokuja, hakukimbia tena. Alikaa katikati ya omena yake iliyolowa, akaitukana mvua kwa kila jina alilolijua, mpaka matusi yakamwishia akaanza kucheka. Halafu akaizoa ile iliyoharibika, akaiuza iwe chakula cha kuku, na kesho yake akaanza upya na karai moja.

"Soma tena hapo," Maryanne akasema.

Winny akasoma tena.

"Tena."

Akasoma mara ya tatu. Maryanne alikuwa ameshika pembe ya leso machoni. "Huyu namjua," akasema. "Yule wa simu ya hoteli sikumjua kabisa. Nilidhani kuna kitu ambacho mimi sina. Kumbe hata yeye amelowa!"

Kigoda cha Dani kilikuwa kimekwisha kugeuka bila mtu kuona. Bibi mwenyewe alikuwa anatikisa kichwa akisema, "Ee, hivyo ndivyo. Hivyo ndivyo kabisa." Ikabidi Naswa awaguse mabega mmoja mmoja. "Inukeni jameni, omena itakuwa mkaa!"

Zilibaki siku mbili na kurasa zaidi ya mia moja. Alhamisi na Ijumaa Winny alisoma tangu omena ilipoanikwa hadi ilipoanuliwa. Alisoma akiwa ameketi, akasoma akiwa amesimama, akasoma akiwafuata kina mama katikati ya safu. Koo likaanza kumkwaruza. Naswa alimletea maji ya moto yenye tangawizi, akamwekea kikombe mkononi. Oyugi naye hakusalimika. Mama yake alimpa kazi ya kusugua makarai yote ya kikundi, na akayasugua huku anasikiliza. Kufikia Ijumaa alasiri alikuwa amesahau kusugua.

Ukurasa wa mwisho ulisomwa kwa mnong'ono. Sauti ya redio ilikuwa imekwisha, na kina mama walilazimika kusogeza vigoda mpaka magoti yakagusana.

Jumamosi, ukumbi mmoja wa Bondo ulijaa watu. Kabla filamu haijaanza, Winny alimfuata Mwalimu Parvin kando akamnong'oneza kila kitu: omena, simu, siku tatu za udanganyifu. Mwalimu Parvin alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na sasa umesoma?"

"Chote, Mwalimu."

"Basi nenda ukakae mbele na shangazi yako."

Filamu ikaanza. Kina mama waliifurahia kweli kweli, wakapiga vigelegele boti nyekundu ilipotokea. Ndipo Akoth wa kwenye kioo akaanika omena, wimbo ukapigwa, na wimbo ulipoisha Akoth alikuwa amesimama mbele ya duka lake mjini.

"Na mvua iko wapi?" Dani akauliza kwa sauti iliyofika mpaka ukuta wa nyuma. "Sisi tulilowa siku nzima!"

Ukumbi wote uliangua kicheko. Lakini hakikuwa kicheko cha dharau. Watu waligeuka kumtazama wakitaka kujua anasema nini.

Filamu ilipoisha, Mwalimu Parvin aliuliza swali lake. Naswa akasimama. Aliificha mikono ndani ya mikunjo ya gauni ya buluu. Mwanzo maneno yalitoka moja moja. Alipofika kwenye mvua ya pili, mikono ilikuwa imesahau kujificha. Alisimulia karai chini ya kitanda. Alisimulia matusi na kicheko, na Maryanne akadakia tusi moja lililosahaulika, watu wakacheka tena. "Filamu imeacha kurasa thelathini na nane," Naswa akamalizia. "Na hizo ndizo kurasa zetu sisi."

Makofi yalipigwa kwa muda mrefu. Mwanafunzi mmoja wa chuo akainua mkono. "Mama, mnawezaje kukumbuka kitabu vizuri namna hii?"

"Sisi tunakipima kwa omena," Naswa akajibu. "Sura ikisomwa yote, omena inakauka. Isiposomwa yote, omena inasema."

Winny aliinamisha uso. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Na nani amewasomea?" Mwalimu Parvin akauliza, ingawa alijua.

Naswa alimshika Winny mkono akamwinua. Winny alifungua mdomo kusalimia watu, lakini hakuna kilichotoka ila pumzi.

"Ni huyu," Naswa akasema. "Leo hana sauti. Tumeimaliza sisi."

Walipotoka nje, Winny alimvuta shangazi yake kando. Kwa mnong'ono ule ule uliobaki, akauliza kama filamu ni kitu kibaya.

"Filamu haina kosa," Naswa akasema. "Mimi nimeipenda. Ile boti nyekundu nitaiota. Lakini filamu ina saa moja na nusu tu, haiwezi kungoja omena ikauke. Kitabu kinangoja. Kwa hiyo soma, halafu tazama, nawe utajua kilichoachwa." Akasimama, akamgeuza Winny wamtazamane. "Na kosa lako halikuwa kutazama. Kosa lako ni kutuambia unasoma wakati husomi. Macho yangu hayakufundishwa vitabu, Winny, kwa hiyo nilikuazima masikio yangu. Mtu akikuamini hivyo, mpe kilichomo, hata kama ni mvua tupu. Jumatano uliniumiza. Leo umenisimamisha mbele ya watu na sikuaibika. Yote mawili yametoka kwako, na unajua ni lipi lilikuwa na kazi zaidi."

Winny alimkumbatia kiunoni, akalia kidogo, akaachwa alie.

Mara Dani akatokea mlangoni amekumbatia kitabu kingine alichopewa na Mwalimu Parvin. Alikuwa anakipima uzito kwa mikono miwili kama anayenunua kuku. "Kinene hiki! Desemba ukija utatusomea. Kina sura ngapi?"

Winny alikifungua mwanzo, akahesabu, kisha akanyoosha vidole kumi, halafu tena viwili.

"Kumi na mbili," Dani akasema kwa kuridhika. "Vizuri. Usiruke hata moja, nyathina, mtoto wangu. Omena yangu itakushtaki."